Ndururu ya Nyanya na Mali Isiyo na Daftari

Wahenga wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Nilipokuwa katika shule ya msingi, methali hii niliikariri kwa ajili ya mtihani, na nilidhani kwamba iliwahusu wenye maduka peke yao. Ilinibidi nivuke bahari, niingie katika ukumbi uliojaa sarafu za mataifa chungu nzima, ndipo nikatambua kwamba methali hiyo inatuhusu sote, hususan sisi tunaoshika chaki na wale wanaotusikiliza darasani.

Mnamo Agosti mwaka 2022 nilikuwa Chicago, nchini Marekani, kwa shughuli za kitaaluma. Katika mji mdogo wa Rosemont, ulio jirani na uwanja wa ndege wa O'Hare, palikuwa na maonyesho makubwa ya wakusanyaji sarafu. Maonyesho hayo huandaliwa kila mwaka na chama cha American Numismatic Association, kilichoasisiwa mwaka 1891, na huhamahama kutoka mji mmoja hadi mwingine. Nilikuwa na sababu yangu ya kwenda huko. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na kamba ya katani iliyotungwa sarafu thelathini na saba za shaba, zote zenye tundu katikati. Kamba hiyo ilikuwa ya nyanya yangu mzaa baba, aliyekuwa akiuza ndizi na viazi vikuu katika soko la Wundanyi. Alipoaga dunia, shangazi yangu aliihifadhi ndani ya kopo la majani chai, na miaka mingi baadaye akanikabidhi huku akisema, "Wewe ndiwe msomi wetu. Isome."

Nakiri kwamba sikuisoma. Niliiweka kabatini, na siku chache kabla ya kusafiri nikaitoa ili nikaulize thamani yake. Kwa kuwa nilitaka ipendeze mbele ya wageni, nilizichukua sarafu zilizokuwa mwishoni mwa kamba, nikazisugua kwa limau na majivu hadi ziking'aa kama sufuria ya harusi. Laiti ningalijua!

Yeyote ambaye hajawahi kuingia katika maonyesho ya aina hii asidhani kwamba ni mkutano wa wazee wachache wanaobadilishana visarafu juu ya meza. Ukumbi wenyewe ungeweza kumeza soko zima la Wundanyi pamoja na kituo chake cha matatu. Meza za wachuuzi zilipangwa safu baada ya safu, kila moja na kabati lake la vioo na taa yake inayoinama, na kila mchuuzi alining'iniza kioo cha kukuzia shingoni kama daktari anavyoning'iniza kipimo chake. Upande mmoja palikuwa na viwanda vya serikali mbalimbali vya kufua sarafu, vikiuza bidhaa zao mpya. Upande wa pili palikuwa na maonyesho ya wanachama wenyewe, ambao hushindanishwa na kutuzwa kwa namna wanavyoeleza historia ya sarafu zao. Pembeni mlikuwa na vyumba vya mihadhara, na sehemu maalum ya watoto, ambao waliranda meza hadi meza wakijibu maswali na kuzawadiwa sarafu. Nilimwona mtoto wa umri wa darasa la nne akimweleza mamaye tofauti ya shaba na nikeli kwa ufasaha ambao ungewafurahisha walimu wetu wa sayansi.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni jinsi watu hawa wanavyosoma. Sarafu kwao ni matini. Hutazama jina la mtawala, mwaka, herufi ndogo inayoonyesha kiwanda ilikofuliwa, ukingo wake, na hata makosa ya fundi. Kisha huipa alama kutoka 1 hadi 70, kwa mizani iliyobuniwa na William Sheldon mwaka 1949 na kupanuliwa baadaye. Sarafu ya alama 70 ni ile isiyo na dosari hata ikitazamwa kwa kioo cha kukuzia. Ile ya alama moja imesagika kiasi kwamba ni shida kuitambua. Walimu wenzangu wanaosahihisha insha hawana budi kuwaonea wivu wasahihishaji ambao mtahiniwa wao hawezi kukata rufani.

Jambo la pili lilikuwa bei. Mwaka 1913 zilifuliwa sarafu chache za senti tano za Marekani zenye mchoro wa zamani uliokuwa umekwisha kuachwa. Zinazojulikana leo ni tano tu. Moja inamilikiwa na makavazi ya chama hicho kule Colorado Springs, na nyingine ilipigwa mnada mjini Philadelphia mnamo Agosti 2018 ikauzwa kwa dola milioni 4.56. Tafadhali msomaji, irudie sentensi hiyo polepole. Ni sarafu ya senti tano. Kwetu sisi senti tano ni ndururu, na mtu akitaka kueleza kwamba amefilisika kabisa husema kwamba hana hata ndururu. Nami nilikuwa nazo mkobani kadhaa!

Nilizunguka nikitafuta meza yenye mali ya Afrika Mashariki, na hatimaye nikaipata. Mchuuzi wake alikuwa mzee wa Kimarekani mwenye mvi na upole mwingi. Katika kabati lake niliona historia yetu ikiwa imelazwa juu ya mahameli. Palikuwa na rupia ya fedha ya Kampuni ya Imperial British East Africa, yenye jina Mombasa na mwaka 1888, iliyofuliwa mjini Birmingham. Palikuwa na pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Unguja, ya mwaka 1299 wa Hijria, yenye mchoro wa mizani. Palikuwa na sarafu za Wajerumani za mwaka 1916, zilizofuliwa kwa dharura huko Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia baada ya njia za bahari kufungwa.

Chini yake palikuwa na sanduku la sarafu za bei rahisi, na humo nikaziona za Kenya na za Tanzania zikiwa zimechanganyika. Jicho la mwanaisimu halikosi cha kuona. Zile za Tanzania za mwaka 1966 zilijitaja kwa Kiswahili: senti hamsini, shilingi moja. Zile za Kenya za mwaka huohuo zilijitaja kwa Kiingereza, ilhali noti zetu zilibeba pia maneno Banki Kuu ya Kenya. Ni kana kwamba tuliamua kwamba Kiswahili kinafaa kwa karatasi, bali chuma kiachiwe Mwingereza. Mada hiyo naiacha kwa siku nyingine.

Nilimwonyesha mzee yule kamba ya nyanya. Aliipokea kwa mikono miwili, akaileta chini ya taa, akaanza kuisoma sarafu moja baada ya nyingine. Alipofika mahali fulani akatabasamu, akanipa kioo chake, akaniambia, "Profesa, soma jina hili."

Nikasoma kwa Kilatini jina la Edward wa Nane, na mwaka 1936.

Pengine wanafunzi wa historia wanamkumbuka mfalme huyo. Alirithi ufalme wa Uingereza mnamo Januari 1936, akaung'atuka mwezi wa Desemba mwaka huohuo ili amwoe mwanamke aliyempenda. Hakuwahi kuvishwa taji, na sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa matumizi ya umma nchini Uingereza. Hata hivyo, sarafu za makoloni zilizotobolewa katikati hazikuhitaji sura, kwani sura haikai mahali penye tundu. Zilihitaji jina tu. Kwa hiyo senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilifuliwa kwa jina lake. Waama, mfalme ambaye Waingereza hawakumwona kwenye sarafu zao alikuwa akitungwa kwenye kamba ya katani na mama muuza ndizi katika milima ya Taita.

Moyo ulinidunda. Nikauliza, "Mzee, basi ina thamani gani?"

Akacheka kwa huruma. Akaniambia kwamba sarafu hizo zilifuliwa kwa wingi mno, hata leo bei ya moja haifikii bei ya kikombe cha kahawa mle ukumbini. Kisha akaziona zile nilizozisugua, na tabasamu likamtoka. Alinieleza, kwa sauti ya mtu anayempa mwenziwe pole, kwamba sarafu ya zamani haisuguliwi kamwe. Ule weusi wake si uchafu. Ni ngozi ambayo madini yenyewe yamejifanyia kwa miaka mingi, na mtu akiitoa huwa amefuta sehemu ya maandishi. Nilijihisi kama mwanafunzi aliyeshikwa akifuta ubao kabla ya mwalimu kumaliza kuandika.

Hatimaye alinishauri kwamba, ikiwa nia yangu ilikuwa kuuza, afadhali nikate kamba, niziteue zile za Edward na nyingine mbili tatu zilizo safi, nizifungie kila moja katika kifuko chake. Kamba yenyewe haikuwa na soko. Alikuwa tayari kunikopesha mkasi. Ghafla alisita, akaigeuza kamba, akaniuliza, "Na haya mafundo ni ya nini?"

Kamba ile ilikuwa na mafundo matatu yaliyozitenga sarafu katika mafungu. Nilikuwa nimeyaona maisha yangu yote, wala sikuwahi kuuliza maana yake. Nikamwomba mzee anipe muda, nikatoka nje ya ukumbi, nikampigia shangazi simu. Kwetu ilikuwa usiku tayari. Akaniambia kwamba fungu la kwanza lilikuwa la kodi, ambayo babu alitakiwa kulipa kila mwaka, na ole wake asiyekuwa nayo siku karani alipofika. Fungu la pili lilikuwa la chumvi na mafuta ya taa.

"Na la tatu, shangazi?"

Kimya kilipita. Kisha akasema, "Mwanangu, hilo ungemwuliza mwenyewe. Si ulikuwa ukilala nyumbani mwake kila likizo?"

Sarafu za fungu la tatu ndizo nilizozisugua.

Sikuikata kamba. Nilimshukuru yule mzee, nikaenda kuketi katika chumba cha mihadhara, nikawaza. Sisi wanaisimu huwafundisha wanafunzi wetu kwamba neno halina maana kamili nje ya muktadha wake. Neno "kaa" peke yake ni fumbo. Huenda ni kuketi, huenda ni kaa la moto, huenda ni yule mnyama wa pwani anayetembea upande. Ni sentensi ndiyo inayoamua. Sarafu nayo ni vivyo hivyo. Ukiitoa mahali ilipokuwa bila ya kuandika, unabaki na neno lililokatwa kutoka katika sentensi yake, na hakuna kioo cha kukuzia kitakachokurudishia kilichokatwa.

Mifano miwili kutoka katika historia ya pwani yetu itatosha kulifafanua jambo hili. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba karne nyingi kabla ya Mreno kufika, na baadhi yake ziliandikwa kwa vina, upande mmoja ukiitikia upande wa pili, kama mizani ya ushairi. Mwaka 1944 askari wa kikosi cha anga cha Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Aliziweka miaka mingi kabla ya kuzipeleka kwa wataalamu mwaka 1979. Zilifikaje huko, maelfu ya kilomita kutoka Kilwa? Ziliangushwa na mabaharia wa zamani, au na mtu wa juzi? Kwa kuwa ziliokotwa tu mchangani, bila ya kuchimbuliwa kwa utaratibu, wataalamu wamebaki wakibishana. Sarafu zinaongea, lakini sentensi yake imepotea.

Linganisha na tukio la Manda, katika kaunti ya Lamu. Mwaka 2013 kundi la watafiti lililoongozwa na Mkenya mwenzetu Chapurukha Kusimba, ambaye wakati huo alikuwa katika Makavazi ya Field papo hapo Chicago, pamoja na Sloan Williams wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini humo, lilitangaza kwamba limepata kisiwani Manda sarafu ya Kichina yenye jina la Mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Ilipatikana katika uchimbuzi wa kitaaluma, ambapo mahali pa kila kitu huandikwa. Kwa hiyo, inaweza kuwekwa ndani ya hoja ya historia na kusimama kama shahidi anayeaminika. Thamani yake haiko sokoni. Iko katika daftari la mchimbuzi.

Msomaji huenda akauliza: je, sisi tusio na makavazi majumbani mwetu tufanye nini? Jibu langu ni kwamba tunalo kavazi moja kubwa ambalo hatulipii kiingilio, nalo ni lugha yenyewe. Maneno yetu ya fedha ni kamba iliyotungwa sarafu za karne nyingi, na mafundo yake yangali yanasomeka iwapo tutauliza mapema.

Chukua neno thumuni, ambalo wazee wetu walilitumia kuitaja sarafu ya senti hamsini. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni sehemu moja ya nane. Mwanafunzi mwerevu atasema: senti hamsini ni nusu ya shilingi, si thumuni yake, je, wazee walikosea hesabu? La hasha! Thumuni hiyo ilikuwa ya riale. Katika karne ya 19 biashara ya pwani ilihesabiwa kwa riale za fedha, na riale moja ilikaribia rupia mbili. Mwaka 1920 rupia iliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na florini, na punde baadaye ikaja shilingi, florini moja ikiwa sawa na shilingi mbili. Kwa hesabu hiyo riale ni shilingi nne. Igawe kwa nane, utapata senti hamsini. Riale ilikwisha kutoweka mifukoni, lakini thumuni yake ikaendelea kuishi kinywani mwa mwuza maandazi ambaye hakuwahi kuiona.

Kadhalika, riale ya Kihispania iliyochorwa nguzo mbili iliitwa riale ya mzinga, kwani pale ambapo mchoraji alikusudia nguzo, watu waliona mizinga. Hela, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huitumia kwa fedha yoyote ile, ni heller ya Wajerumani iliyoanza kutumika huko mwaka 1904. Faranga ya Kongo, Rwanda na Burundi inatukumbusha Wabelgiji. Pesa yenyewe ni paisa ya Kihindi, kisarafu duni cha shaba, ambacho tangu mwaka 2007 jina lake limo ndani ya simu ya kila Mkenya anayetuma na kupokea. Hapana shaka kwamba hakuna mkusanyaji wa Rosemont aliye na mkusanyiko mkubwa kuliko huu.

Tatizo ni kwamba mkusanyiko huu nao hauna daftari. Niliporudi niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza maana ya thumuni, na wengi walitazamana. Peni, kwa maana ya senti kumi, ilikuwa mgeni kwao kabisa. Wapo waliojua otonglo ya Kiluo kama jina la fedha kwa jumla, bila ya kujua kwamba wazee waliitaja kwayo sarafu maalum. Siwalaumu. Kama mimi mwenye shahada tatu nililala nyumbani mwa nyanya likizo baada ya likizo bila ya kuuliza juu ya fundo la tatu, nina ulimi gani wa kuwakemea vijana wa miaka kumi na tisa?

Natoa pendekezo moja kwa walimu wenzangu, na halihitaji ruhusa ya wizara wala fungu la fedha. Wanafunzi wanapofunga shule, kila mmoja na apewe kazi ya kumtafuta mzee mmoja, amwulize majina ya sarafu alizozitumia utotoni, zilinunua nini, na ziliwekwa wapi nyumbani. Ayaandike majibu kwa maneno ya mzee mwenyewe, na kwa lugha ya mzee mwenyewe. Ikiwa mzee ana sarafu, mwanafunzi achore pande zote mbili na kunakili mwaka na maandishi. Asiisugue. Asiitoe katika kopo au kitambaa ilimofungwa kabla ya kuandika ilikuwa imekaaje. Na iwapo ataona sarafu ya kale ardhini, kama zipatikanavyo katika magofu ya pwani, aiache palepale na kuwaarifu watu wa Makavazi ya Kitaifa, kwa maana akiiokota atakuwa ameokota neno na kuiacha sentensi. Kazi kumi za namna hiyo katika darasa moja zitampa mwalimu wa Kiswahili somo la msamiati, mwalimu wa historia somo la ukoloni, na mwalimu wa hisabati somo la sehemu.

Kamba ya nyanya sasa imo katika sanduku kavu, pamoja na daftari la kurasa arobaini na nane. Katika ukurasa wa kwanza nimeandika maelezo ya shangazi kuhusu kodi. Katika ukurasa wa pili nimeandika kuhusu chumvi na mafuta ya taa, na bei zake kama anavyozikumbuka. Ukurasa wa tatu nimeuandika kichwa, "Fundo la tatu", na chini yake sina neno. Kila niendapo nyumbani huwauliza wakongwe waliouza naye sokoni. Waliobaki ni wawili.